Springi Mbili za Gurudumu Moja

Kila Alhamisi asubuhi Kimaiyo alizungusha mkono wa mashine ya krimu. Maziwa yaliingia juu. Maziwa mepesi yalitokea bomba moja, na krimu nzito ya rangi ya manjano ikatokea bomba la pili. Kimaiyo alikuwa msimamizi wa ng'ombe wa maziwa katika shamba moja la Mzungu, mbele kidogo ya Njoro. Ilikuwa mwaka wa 1958. Ng'ombe walikuwa arobaini, naye aliwajua wote kwa majina, na hata tabia za mama zao.

Mke wake, Chepngeno, naye alikuwa na kazi yake ya Alhamisi. Alimwosha mtoto wao Sally, wa miezi saba, akiangalia sana maji yasifike mguu wa kushoto. Mguu huo ulikuwa ndani ya plasta. Sally alizaliwa na wayo uliogeukia ndani, kisigino kimepanda juu. Majirani walisema mambo mengi, na mengine hayafai kurudiwa. Daktari wa Nakuru alisema neno moja tu: mfupa wa mtoto mchanga hunyooshwa. Kila Alhamisi alikata plasta ya zamani, akausogeza wayo kidogo, akafunga plasta mpya.

"Msikose hata wiki moja," alimwambia Chepngeno. "Mkikosa, mguu utarudi ulikotoka."

Chepngeno aliyashika maneno hayo. Alilala nayo na kuamka nayo.

Kutoka shambani mpaka hospitali ni maili ishirini. Basi lilipita Jumatatu peke yake. Lakini palikuwa na pikipiki. Mwenye shamba aliponunua gari jipya, alimwachia Kimaiyo pikipiki yake ya zamani, imsaidie kupeleka krimu kwenye kiwanda cha siagi huko Nakuru. Pikipiki ile ndiyo iliyokuwa miguu ya Sally.

Sasa sikilizeni jinsi mtu mwema anavyoweza kufanya jambo la kutisha bila kujua.

Zamani, kabla Sally hajaanza kwenda hospitali, Kimaiyo alisafiri peke yake na kopo lake moja la krimu. Pikipiki ilirukaruka barabarani sana. Siku moja karani wa kiwanda alifunua kopo, akachungulia, akamwita mwenzake naye achungulie.

"Mzee, umeleta krimu ama siagi?" aliuliza.

Kopo lilikuwa limejaa mabonge. Krimu ilikuwa imetikiswa njia nzima mpaka ikajigeuza siagi. Kimaiyo alirudi nayo nyumbani, uso umemshuka. Mtu wa ng'ombe kurudishiwa krimu ni aibu kubwa.

Akaichunguza pikipiki. Nyuma ilikuwa na springi mbili, moja kila upande wa gurudumu. Chini ya kila springi palikuwa na pete ya chuma yenye ngazi tatu. Ukiizungusha pete kwa spana ya ndoano, springi hupanda ngazi au hushuka. Ngazi ya kwanza ililegeza springi. Ngazi ya tatu iliikaza. Kimaiyo alizikuta zote mbili zimekaa ya tatu, akazishusha zote mbili mpaka ya kwanza. Wiki iliyofuata krimu ilifika laini kabisa. Karani hakusema kitu, na hiyo ilikuwa sifa.

Mpaka hapo Kimaiyo hakukosea. Kosa lilikuja Chepngeno na Sally walipoanza kupanda.

Chepngeno alikaa kama walivyokaa wanawake wote wa kanisa lao, upande upande, miguu yote miwili kushoto, magoti pamoja. Kopo la krimu nalo lilifungwa kushoto, kwa sababu bomba la moshi lilikuwa kulia, na joto lake lingechachusha krimu. Sally alikuwa mgongoni mwa mama yake. Basi uzito karibu wote ulikuwa upande mmoja. Pikipiki ilichuchumaa nyuma na kulalia kushoto.

"Hii upande ndio inabeba," Kimaiyo alisema, ameinama. "Nitapandisha hii peke yake. Ya kulia iachwe laini, krimu isipigwe."

Hivyo ndivyo alivyowafungia punda mizigo maisha yake yote. Tandiko likilala upande mmoja, unaweka gunia chini ya upande ule. Akanyoosha mkono nyuma bila kuangalia.

"Nipe spana."

Chepngeno ndiye aliyempa. Springi ya kushoto ilipanda hadi ngazi ya tatu. Ya kulia ilibaki ya kwanza. Chepngeno alipanda, akaona kiti kimekaa sawa, akafurahi.

"Asante, Baba Sally," alisema. "Leo sitelezi."

Walipita Njoro vizuri. Kila walipovuka shimo, usukani ulitikisika kidogo. Kimaiyo alisema ni barabara. Mtu akishaamua kwamba ni barabara, basi haangalii kitu kingine.

Wakafika kwenye mteremko ambapo ziwa la Nakuru huanza kuonekana. Barabara ya murram, udongo mwekundu wa changarawe, ilikuwa na mikunjo midogo midogo, ile inayochorwa na malori. Chepngeno alihisi kiti kikienda kushoto chini yake. Kikarudi kulia. Kikaenda kushoto tena, kwa nguvu zaidi.

"Polepole," alisema.

"Si mimi," Kimaiyo alijibu, na sauti yake haikuwa ile aliyoizoea mkewe.

Chepngeno aliiona mikono ya mumewe ikitupwa na usukani, kushoto, kulia, kushoto. Akafungua mdomo apige kelele. Kabla sauti haijatoka, kiti kilikuwa hakipo tena chini yake.

Alijikuta kifudifudi katika nyasi za kando ya barabara. Masikio yalikuwa yakivuma. Viganja vilikuwa vinawaka moto. Mgongoni hapakuwa na sauti.

Sally alikuwa mtoto wa kulia hata nzi akimgusa. Sasa alikuwa kimya. Chepngeno alitafuta fundo la shuka kifuani, na vidole vilikataa kufanya kazi. Vilikuwa kama vya mtu mwingine. Alipofanikiwa, akamgeuza mtoto mbele. Sally alikuwa anamtazama, macho wazi, kinywa wazi, bila pumzi. Kisha mtoto akavuta hewa na kulia. Chepngeno akaketi palepale, akampakata kifuani.

Ndipo alipoliona kopo. Kopo la chuma, zito kwa krimu, lilikuwa limejichimbia ardhini hatua moja kutoka pale kichwa cha Sally kilipokuwa. Hatua moja. Chepngeno alilitazama, akatazama mahali pale, akalitazama tena. Hakuweza kuondoa macho. Krimu ilikuwa ikitiririka barabarani, na plasta ya Sally ilikuwa imepasuka vipande viwili.

Kimaiyo alikuja akichechemea, suruali imechanika gotini.

"Mko wazima?" aliuliza. "Mama Sally, sema kitu."

Chepngeno alinyoosha kidole kumwonyesha kopo.

Walitembea mpaka mjini, Kimaiyo akisukuma pikipiki iliyopinda usukani. Hospitalini, daktari alifunga plasta mpya. Aliushika mguu muda mrefu kuliko siku zote.

"Umerudi nyuma kidogo," alisema. "Bado wiki sita. Nawaomba sana, msikose."

Nje, Chepngeno alisimama mbali na pikipiki.

"Mimi sipandi tena hiyo kitu," alisema.

"Sasa mtoto atakuja aje?"

"Kwa miguu. Nitambeba."

"Maili ishirini? Kwenda na kurudi, na ng'ombe, na shamba?"

"Nimesema kwa miguu, Baba Sally."

Kimaiyo aliangalia chini. Alijua hawezi kumlaumu. Alijua pia kwamba hakuna mtu wa kutembea maili arobaini kila wiki, mtoto mgongoni, mvua ya masika ikinyesha. Wiki ya kwanza angeweza. Ya pili labda. Ya tatu angekosa, na mguu ungerudi.

Waliipeleka pikipiki kwa fundi Achola, aliyekuwa na kibanda katika mtaa wa Bondeni. Wakati wa vita Achola alikuwa mwanajeshi, akipeleka barua za maofisa kwa pikipiki katika matope ya Burma. Alikuwa mtu wa maneno machache na mafuta mengi mikononi. Alinyoosha usukani kwanza. Kisha akaizunguka pikipiki, akachuchumaa nyuma, akashika pete ya kushoto, akashika ya kulia. Akazishika tena, kana kwamba hakuviamini vidole vyake.

"Nani aligusa hizi?" aliuliza.

"Mimi," alisema Kimaiyo.

"Spana ilikuponyoka?"

"Hapana. Nilitengeneza hivyo. Upande wa kushoto ulikuwa umelala."

Achola alisimama polepole. Alimtazama Kimaiyo, akamtazama mama na mtoto wake.

"Yaani ulifanya kwa kupenda," alisema. "Halafu ukawapandisha hawa."

Kimaiyo alifumba macho. Chepngeno naye aliikumbuka spana, jinsi ilivyokuwa na uzito mkononi mwake, na jinsi alivyompa mumewe bila kuuliza. Hakuna adui aliyewaangusha. Hata barabara haikuwa na kosa. Ni wao wenyewe, wawili, kwa kumpenda mtoto na kuitunza krimu.

Achola aliuona uso wa Chepngeno, akalainika.

"Mama, keti hapo," alisema. "Si wewe wa kwanza. Jeshini nimezika rafiki kwa kosa dogo kuliko hili. Bwana Kimaiyo, chukua ile wilbaro."

Wilbaro hiyo, mkokoteni wa gurudumu moja, ilikuwa na mawe ndani. Achola alimwambia aisukume kwenye uchochoro uliojaa mabonde madogo.

"Mkono wa kushoto kaza kabisa. Wa kulia legeza. Haya, nenda."

Kimaiyo alikwenda hatua nne. Gurudumu lilipogonga bonde, wilbaro iligeuka kulia, akaivuta, ikageuka kushoto, kisha ikalala na kummwagia mawe miguuni.

"Sasa wewe, mama. Mikono yote sawa. Usikaze sana, usilegeze sana."

Chepngeno alimkabidhi mumewe Sally. Mawe yaliporudishwa, alishika wilbaro na kuisukuma. Ilipita kwenye mabonde ikitikisika, lakini ilikwenda mbele moja kwa moja. Akageuka, akarudi nayo.

"Umeona?" Achola alisema. "Gurudumu ni moja, mikono ni miwili. Mkono mmoja ukisema hivi na mwingine ukisema vile, gurudumu litasikia nani? Hizi springi mbili zinashika gurudumu moja. Ukikaza moja na kulegeza nyingine, kwenye shimo gurudumu linapindwa. Kwa mwendo mdogo utasikia kitu kidogo tu. Mteremkoni inakutupa."

"Lakini ilikuwa imelala kushoto," Kimaiyo alisema taratibu. "Ningefanya nini?"

"Kama mzigo umelala, tengeneza mzigo. Springi hazijakosa." Achola alitia spana kwenye pete. "Tena kumbuka hii. Ukienda peke yako, weka ya kwanza, kushoto na kulia. Ukikaza sana wakati huna mzigo, nyuma inarukaruka na gurudumu haishiki chini."

"Ndiyo maana krimu ilikuwa siagi," Kimaiyo alisema.

"Ndiyo. Ukibeba mama peke yake, weka ya pili, kushoto na kulia. Ukibeba mama, mtoto na krimu, weka ya tatu. Kushoto na kulia."

"Ya tatu itaharibu krimu."

"Haitaharibu. Uzito wenyewe unaikandamiza. Ukiacha ya kwanza na mzigo mkubwa, springi inafika mwisho wake, chuma inagonga chuma, na hapo ndiyo krimu inapigwa kweli. Na nyuma ikichuchumaa, mbele inakuwa nyepesi. Usukani haukusikii. Hata taa inamulika matawi ya miti badala ya barabara. Ukiona hivyo, jua nyuma imelegea kwa huo mzigo."

Kimaiyo alirudia maneno hayo kwa mdomo bila sauti. Achola aliendelea.

"Krimu, weka kwa makopo mawili madogo, moja kila upande. Ya kulia, weka bati katikati yake na bomba la moshi, halafu uifunge na gunia lililoloweshwa maji. Haitachacha." Akamgeukia Chepngeno. "Na wewe, mama, lazima ukae katikati. Mguu mmoja huku, mwingine kule. Mtoto umfunge mbele, akae kati yenu wawili."

Chepngeno alidhani hakusikia vizuri.

"Mguu mmoja huku?"

"Na mwingine kule. Kama bwana yako."

Damu ilimpanda usoni. Katika dhiki zote za siku ile, hakutazamia hii. Mwanamke wa kanisa, mke wa mtu, apite Njoro mchana kweupe amepanua miguu juu ya pikipiki. Alimtazama mumewe amsaidie. Kimaiyo alikuwa akitazama paa la kibanda.

Chepngeno aliitazama plasta mpya ya Sally. Alilikumbuka kopo lilivyojichimbia ardhini.

"Nionyeshe hizo pete," alimwambia Achola mwishowe. "Nataka kuzishika mwenyewe."

Achola alimshika kidole na kukiongoza kwenye pete ya kushoto. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha ya kulia. Chepngeno alizipapasa mpaka akazijua hata kwa macho yaliyofumbwa. Kisha akaziweka za pande zote mbili ngazi ya pili kwa mkono wake, maana krimu haikuwepo tena. Akapanda, mguu mmoja huku, mwingine kule, akamfunga Sally kifuani. Alitetemeka njia nzima. Lakini usukani haukutikisika.

Mama yake Kimaiyo alikuwa uani akisafisha kibuyu cha maziwa. Alisikia pikipiki, akainua kichwa, na kibuyu kikamponyoka.

"Mama Sally," alisema, mkono mdomoni. "Hiyo ni miguu gani?"

"Ni ile ile, mama," Chepngeno alisema akishuka. "Nataka Sally naye awe na miwili."

Mama mkwe aliokota kibuyu chake, akaingia ndani. Asubuhi alimletea Chepngeno suruali ya kaki ya marehemu mumewe, avae chini ya gauni.

Watu wa kanisani walizungumza, na wengine walisimama barabarani kutazama. Walitazama wiki ya kwanza, na ya pili. Ilipofika ya tatu waliona ni mama tu anampeleka mtoto wake hospitali, wakaendelea na mambo yao. Krimu ilifika katika makopo mawili, baridi na laini. Kila Alhamisi, kabla ya kupanda, Chepngeno aliinama nyuma ya pikipiki na kupitisha kidole kwenye pete ya kushoto, kisha ya kulia. Kimaiyo alisubiri. Hakuwasha injini mpaka asikie neno lake.

"Ziko sawa," alikuwa akisema.

Hawakukosa hata wiki moja.

Alhamisi ya sita daktari alikata plasta, na safari hii hakuleta nyingine. Alimsimamisha Sally juu ya meza, akimshika kwapani. Chepngeno alipigwa na butwaa. Kwa miezi alikuwa akiujua mguu ule kwa plasta yake, na sasa ulikuwa mbele yake, mweupe kwa vumbi la plasta, mwembamba kidogo kuliko mwenzake. Bila kufikiri, aliinama, akapitisha kidole nyuma ya kisigino cha kushoto. Kisha cha kulia. Vyote viwili vilikuwa vimekanyaga meza.

"Mama anafanya nini?" daktari alimwuliza Kimaiyo.

Kimaiyo alisogea karibu na meza, akakifuata kidole cha mkewe kwa macho. Chepngeno alifanya tena, kushoto, kulia. Machozi yalimdondoka juu ya meza ya daktari, wala hakuyafuta.

"Ziko sawa," alisema.

Daktari akawapa viatu vidogo vya Sally vya kuvaa usiku, na siku ya kurudi baada ya mwezi. Nje, makopo yalikuwa matupu, krimu ilishafika kiwandani. Kimaiyo alimkalisha mkewe mahali pake, akaenda mbele kuwasha injini.

"Baba Sally," Chepngeno alisema. "Mzigo umepungua."

Kimaiyo akashuka, akatoa spana ya ndoano, akashusha springi ya kushoto mpaka ngazi ya pili. Kisha akazunguka upande wa kulia.